Kahawa ya Kando ya Ziwa

Kazi yangu ni kutia dawa kwenye maji. Nakaa kando ya ziwa tangu alfajiri, chupa ya klorini mapajani, bomba la sindano mkononi, na kila bidoni, yaani dumu la maji, inayochotwa hupita kwangu kabla ya kupanda mitaani. Watu husema ni kazi ya mtoto. Hawajawahi kuifanya bila kulala.

Usingizi ulinihama kwa sababu ya kahawa. Nilianza na kikombe kimoja cha alfajiri, chenye tangawizi, kwa papa mmoja, mzee anayepita akiuza kwa thermosi yake. Kikanichangamsha hadi saa nne. Hapo mwili ukalegea, nikaongeza cha pili. Saa nane, cha tatu. Usiku nikawa nageuka kitandani kama chapati, moyo ukidunda, na kulipokucha nimechoka kuliko jana, basi namwita papa tena. Alinitania: "Weye dada, siku nisipokuja watakuzika." Nilicheka. Kumbe kahawa haikuniondolea uchovu hata kidogo, iliuficha tu, nao ukawa unalimbikizana.

Asubuhi moja, baada ya kikombe cha pili, macho yangu yalikuwa wazi kabisa. Mama mmoja wa mtaa wa Mapendo aliweka bidoni yake mbele yangu. Nikamwambia, "Tayari, mama." Akaipandisha mgongoni, kamba kwenye paji la uso, akaenda zake. Nilipotazama sindano, bado ilikuwa imejaa.

Nilijaribu kujiambia kwamba nimeijaza upya. Nilijua najidanganya. Nikamwachia mwenzangu kiti, nikapanda na chupa yangu, nikiuliza nyumba kwa nyumba mpaka nikampata.

"Mama, mu ile mayi sikutia dawa."

Alinitazama. "Mutoto amekwisha kunywa. Kopo muzima."

Binti yake mdogo alikuwa ameketi mlangoni, kifua kimelowa. Maji yakimwagika hayazoleki, na yaliyonywewa ndiyo basi. Nikatia dawa kwenye yaliyobaki, nikamsihi asingoje hata saa moja kumpeleka hospitali mtoto akianza kuharisha, nikaomba msamaha. Akampangusa binti yake kifua.

Siku tatu hakuonekana ziwani. Kahawa niliiacha siku ileile. Kichwa kiliuma ajabu, nikasinzia nimekaa, mwenzangu akinifinya bega. Niliogopa kuuliza habari za Mapendo. Kila mama aliyekuja nilimtazama uso kwanza.

Siku ya nne alikuja.

"Na mutoto?"

"Iko muzima."

Machozi yalinitoka mbele za watu, wala sikuona haya. Kwa kawaida, ninapotia dawa, akina mama hupiga soga na kupumzisha shingo. Yeye aliinama mpaka uso wake ukakaribia mkono wangu.

"Tia, nione."

Nikatia, akaona. Usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa nimelala vizuri, lakini hilo ningemwambiaje? Ni miezi mingi sasa, na bado anainama.