Jina Kwenye Kona ya Ramani

Penseli alikuwa na jina lake la kuzaliwa, jina zuri tu, lakini lililobaki midomoni mwa watu ni hili la kazi. Kwa miaka thelathini na moja alichora ramani za nyumba akiwa amechomeka penseli nyuma ya sikio la kulia. Hata siku waliyomzika kaka yake alisimama kaburini nayo hapohapo sikioni, bila kujua, mpaka shemeji yake aliposogea, akaichomoa taratibu na kuitia mkobani mwake.

Huyo kaka ndiye aliyekuwa nguzo ya ofisi. Walikuwa wawili katika chumba kimoja juu ya duka la vioo, na meza mbili za kuinama na dirisha moja lisilofunga sawasawa. Kaka alichora kwa penseli, mdogo mtu akapitisha wino. Kaka alikuwa na utaratibu wake ambao wenzao wa fani waliucheka: kabla hajavuta mstari hata mmoja, aliandika jina lake kwenye kona ya chini ya karatasi, kwa herufi kubwa zilizosimama wima. Wengine huweka jina mwisho, kazi ikishaiva. Yeye alisema, "Nikishaweka jina, mkono unaona haya kuchora upuuzi." Na kweli, katika miaka yote hiyo hakuna ramani yenye jina lile iliyorudishwa na ofisi ya mipango. Ukoo mzima ulitembea kifua mbele kwa sababu hiyo.

Alipofariki aliacha karatasi moja mezani. Ilikuwa ramani ya nyumba ya mke wake, mwalimu mkuu mstaafu, aliyehamishwa shule hadi shule maisha yake yote akilala katika nyumba za kupanga, na ambaye sasa alikuwa na kiwanja chake. Kuta zilikwishachorwa, vipimo vimeandikwa, mpaka wa kiwanja umezungushwa, jina liko kwenye kona.

"Shemeji," mjane alimwambia, "nataka nyumba hii ijengwe kama mkono wake ulivyoichora. Usiniongezee baraza, usinipunguzie dirisha. Na jina lake libaki."

"Litabaki," Penseli akajibu. "Siku nitakayolitoa, na mimi nitoke kwenye hii kazi."

Lakini ofisi ya mipango ilikuwa imeacha kupokea karatasi. Kila ramani sasa ilitakiwa ichorwe kwa programu ya kompyuta na kutumwa kwa mtandao. Penseli akaenda mafunzo ya siku tatu, akarudi na daftari la jalada la bluu na kichwa kinachogonga. Kila alichoumizwa nacho alikiandika humo kwa mwandiko wake wa rula.

"Chagua kipimo kwanza, mita au milimita, kabla ya kugusa chochote." Hilo aliliandika baada ya kuchora chumba cha kulala chenye upana wa milimita nne, kisha akakitafuta kwenye kioo asubuhi nzima akidhani kimefutika. "Andika namba, usiburute ukuta kwa kipanya." Maana ukuta ukiuburuta, unakwenda kunata kwenye ukuta wa jirani, nawe unabaki unashangaa choo kimekwenda wapi. "Funga tabaka la kuta kabla ya kugusa milango." Siku aliyosahau, alifuta mlango mmoja, ukuta ukaondoka nao, paa likashuka mpaka sakafuni. "Hifadhi kila dakika tano." Na chini kabisa, kwa herufi zilizokandamizwa: "Ukipandwa na hasira, ondoka. Kompyuta haisikii matusi."

Mwenye duka la vioo, mama mmoja mwenye ulimi, alimsikia kutoka chini.

"Penseli! Unagombana na nani huko juu?"

"Na ukuta!"

"Umeushinda?"

"Umenitoa nje ya nyumba!"

"Basi shuka unywe chai. Hapa kwangu kuta ni za kioo, utaona unapoingia."

Kilichomchosha kuliko vyote ni namba. Akiandika chumba cha mita nne, programu ilipima kutoka katikati ya ukuta hadi katikati ya ukuta, kisha kwenye orodha ya vyumba ikaandika tatu na sentimita themanini na tano. Akirekebisha huku, kule kunaharibika. Akiongeza unene wa plasta, korido nayo inanenepa. Baada ya mwezi mzima wa kuvutana hivyo alikuwa ameacha kuamini namba yoyote iliyotokea kwenye kile kioo. Mashine ilikuwa na ubishi wake, basi, naye akajifunza kutoisikiliza.

Ndipo alipogundua kwamba programu inakubali kuwekewa picha ya karatasi chini ya mchoro, mtu akapitisha mistari juu yake. Alifurahi mpaka akasimama. Kupitisha mistari juu ya kazi ya kaka yake ndiyo kazi aliyoifanya tangu ujana! Akaikunja ile karatasi kwa heshima, akaipeleka kwenye duka la kutoa vivuli, mashine ikaimeza kwa magurudumu yake upande mmoja na kuitema upande wa pili, naye akarudi na picha.

Akafungua faili jipya. Kabla ya kuvuta mstari hata mmoja, kama desturi ya ofisi ile ilivyokuwa, alikwenda kwenye kona. Palikuwa na visanduku viwili. Kwenye kile cha Mchoraji aliandika jina la kaka yake na namba yake ya usajili, ambayo hakuna aliyekuwa amekumbuka kuifuta. Kwenye kile cha Aliyewasilisha aliweka jina lake mwenyewe. Akaliangalia lile jina la juu kwa muda. Lilikaa vizuri.

Kisha akaikuza picha mpaka ukuta wa mbele ukawa mita kumi na mbili kamili, kama ulivyoandikwa, akaanza kupitisha. Siku hiyo hakupiga kelele. Mkono ulifuata mkono. Alipofika ukuta wa ubavuni, programu ikaandika kumi na tano na sentimita sitini. Kwenye karatasi, penseli ya kaka ilisema kumi na tano.

"Yale yale ya plasta," Penseli akanong'ona. "Leo hunipati."

Akaufuata mstari, akaiacha namba.

Jambo la kwanza analofundishwa mchora ramani, wiki ya kwanza, kabla hajapewa hata kifutio, ni kwamba karatasi haipimwi, karatasi inasomwa. Karatasi hutanuka, hunywea, huvutwa. Namba iliyoandikwa ndiyo nyumba. Kaka yake ndiye aliyemfundisha hivyo, tena kwa kumgonga vidole na rula. Na magurudumu ya ile mashine yalikuwa yameivuta picha kwa urefu, kila mita ikawa na sentimita nne za uongo. Kwa kuwa mpaka wa kiwanja nao ulivutika pamoja na nyumba, kwenye kioo kila kitu kilikaa mahali pake. Karani wa ofisi ya mipango aliangalia nafasi iliyobaki nyuma, akaona imezidi mita tatu zinazotakiwa, akapitisha.

Msingi ulichimbwa. Zege likamwagwa, mawe yakapanda mpaka magotini. Shemeji mtu alikuja kila asubuhi na kiti cha kukunja na mwavuli, akakaa mahali ambapo sebule yake ingekuwa. Siku moja mwashi akampigia Penseli simu aje upesi.

"Mzee wangu, nyuma hapa ulisema tubakize ngapi?"

"Tatu na ushee."

"Hebu shika futi mwenyewe."

Alishika. Mbili na sentimita kumi na sita. Akapima tena kutokea upande wa pili, akapima na mara ya tatu akiwa amepiga goti, kama mtu anayeiomba futi.

"Mimi nimejenga namba zako," mwashi alisema bila mzaha. "Mawe ya mpaka hayana miguu, mzee. Hayakuhama."

Mkaguzi alikuja kabla ya wiki kuisha. Amri ikawa msingi wote uvunjwe. Tena, kwa kuwa kosa lilikuwa la mchoro, mchoraji afungiwe kazi, na jina lake libandikwe kwenye ubao wa matangazo getini, mahali panapobandikwa majina ya wababaishaji.

Penseli alifika kwa karani akiwa na barua mkononi.

"Mama, mmekosea jina. Mchoraji ni mimi."

Karani akageuza kompyuta kidogo ili na yeye aone. "Mchoraji ni huyu hapa, baba. Wewe ni mwasilishaji."

"Huyo amekufa."

"Lini?"

"Kabla ya hii ramani."

Karani akamtazama. "Sasa maiti amechoraje?"

"Nilimwandika mimi. Ilikuwa heshima."

"Heshima haina kisanduku humu, baba yangu. Faili likishapitishwa, linafungwa. Jina halitoki."

"Basi nishtakini. Nimeghushi. Andika hivyo."

"Ukishtakiwa, litakalosomwa mahakamani ni jina lilelile," karani alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole, jambo lililomuumiza Penseli zaidi. "Nenda nyumbani."

Aliandika barua ya kukiri kosa, kurasa mbili. Ikagongwa muhuri wa kupokelewa, ikatiwa kwenye jalada. Ubao haukubadilika.

Kwa shemeji yake alikwenda mchana kweupe, kwa sababu hakutaka ionekane anajificha. Alimkuta ametandaza ile karatasi ya penseli juu ya meza ya chakula, na juu yake rula ndefu ya mbao, ile ya darasani.

"Kaa," alisema. Hakumkaribisha chai. "Shemeji, mimi si fundi. Nimefundisha hesabu tu. Soma hapa."

"Kumi na tano."

"Na hapa?"

"Tatu."

"Ameandika kwa herufi za kuonekana. Mtoto wa darasa la nne angesoma."

"Nilifuata mstari wake," Penseli alisema. "Nilidhani mkono wake…"

"Mkono wake uliandika namba."

Nje mtu alikuwa anafagia uwanja, na fagio lilisikika mpaka lilipokoma.

"Nilitaka aonekane, shemeji. Ramani ya mwisho. Nilitaka kila atakayeifungua amwone."

"Ameonekana," mjane akasema.

Hakulia, wala hakupaza sauti. Katika ukoo ule watu hawakulia mbele ya wageni, na siku hiyo Penseli alijua amekuwa mgeni. Mama yule akafungua mkoba, akatoa kipande cha penseli kilicholala humo tangu mazishini, akakiweka mezani upande wa Penseli. Kisha akaikunja ramani ya mumewe, akaondoka nayo chumbani.

Msingi ulivunjwa kwa siku nne. Penseli hakufungua tena ofisi. Asubuhi alivaa, akachukua daftari la bluu bila sababu, akatembea mpaka getini kwenye ule ubao. Kioo chake kilifungwa kwa kufuli. Alisimama pembeni kama anayesubiri mtu, akiwatazama wanaosoma.

Asubuhi moja bwana mmoja aliyekuja kuomba kibali alisimama, akasoma orodha kwa sauti, akafika pale.

"Aa, na huyu?" alisema. "Si ndiye walikuwa wanamsifu haijawahi kurudishwa hata moja? Kumbe naye walewale."

"Si yeye," Penseli akasema.

Bwana yule akageuka. "Unamjua?"

"Si yeye aliyekosea. Ni mimi."

Yule bwana akamwangalia kuanzia viatu mpaka kwenye sikio lisilo na kitu, kisha akarudisha macho kwenye kioo, akalitafuta lile jina na kuliwekea kidole.

"Kwa hiyo huyu ndiye wewe?"

Penseli akafungua mdomo. Akilikubali, anamvika kaka yake sura hii iliyosimama hapa. Akilikataa, lile jina linabaki pale peke yake. Bwana alisubiri kidogo, akaona mzee haongei, akaingia zake ndani.