Mkono Uliongoja Shikamoo

Mpaka leo sijaelewa jinsi nilivyosafiri kutoka Tinde hadi Shinyanga kumwona shangazi yangu, aliyekuwa amelazwa hospitalini akiwa mgonjwa sana, kisha nisimtazame. Miaka ile ya themanini wodi ilikuwa imepata kompyuta yake ya kwanza, yenye kioo cha kuonyesha mapigo ya moyo. Nilisimama mbele ya kioo hicho, nikawatangazia ndugu waliozunguka kitanda, "Mapigo themanini na mbili. Anaendelea vizuri."

Mkono wa shangazi ulikuwa umenyooshwa, ukingoja kusalimiwa.

"Baba," akasema taratibu, "hicho umeshakiamkia. Na mimi je?"

Nikapiga goti. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba."

Muuguzi, aliyekuwa akinakili namba za kioo hicho tangu asubuhi, naye aliinamisha kichwa kwa aibu. Akaamua kwamba saa ya kutazama wagonjwa kioo kielekee meza ya wauguzi. Kazi ya kukigeuza aliniachia mimi, ndugu wakitazama.