Chumvi Kwenye Betri ya Simu

Zamani za Mwingereza nilikuwa karani wa simu ya waya Tunduma, ile ya kugonga herufi kwa mkono, na sijapata kuwa mpweke mahali popote kama pale. Ofisi ilikuwa chumba kimoja cha matofali mabichi kando ya barabara iendayo Nakonde. Mimi ni mtu wa milimani, wa Ibaba, na Kinamwanga, lugha ya wenyeji wa pale, nilikijua cha kuombea maji tu. Isitoshe nilikuwa na kisirani. Majirani waliponikaribisha kwenye pombe nilijifanya nina kazi, mwishowe wakaacha kunikaribisha. Mke wangu alibaki Ibaba kwa baba yangu, mjamzito.

Wenzangu wa mchana kutwa walikuwa mitungi ya betri, imepangwa juu ya rafu. Kila mtungi wa kioo ulikuwa na maji, nishadiri, yaani ile chumvi nyeupe ya betri isiyoliwa, fimbo ya zinki na kipande cha kaboni. Maji matupu hayapitishi umeme wa maana. Ukitia nishadiri inayeyuka, inagawanyika vipande vidogo visivyoonekana, na hivyo ndivyo vinavyobeba umeme humo ndani, huku zinki ikiliwa taratibu. Nilipenda kukoroga mwenyewe, maana nishadiri ikiyeyuka huvuta joto la maji, na mtungi unakuwa baridi mkononi hata kama jua linawaka nje. "Vipi bwana, umeshikwa na homa?" nilikuwa nikiuuliza. Mtu akikosa wa kumtania atatania hata kioo.

Mwaka ule mvua zilikata barabara, lori la vifaa likakwama njiani, nishadiri ikaniishia. Betri ikafa. Sasa, ajabu ya simu yetu ni kwamba kusikia hakukuhitaji betri yangu. Umeme wa kuniletea maneno ulitoka kwa yule anayegonga. Kujibu ndiko kulikotaka mitungi yangu iwe hai. Basi nikawa nasikia makarani wa njia nzima wakisalimiana, wakiilalamikia mvua, wakiulizana kama yule wa Tunduma kafa au kalala. Nami nimekaa hapo hapo, mzima wa afya, siwezi hata kukohoa. Nilikasirika hadi nikalitukana lori.

Asubuhi moja karani wa Mbeya akaniita. Alikuwa rafiki yangu, ingawa nilimjua kwa mkono wake tu, maana kila karani ana namna yake ya kugonga. "Baba yako yuko hapa," akagonga. "Mkeo aliletwa hospitali kwa machela. Mzee anauliza, uko na nani?"

Nikajua kuna msiba. Kwetu mtu haambiwi msiba akiwa peke yake. Mleta habari huuliza kwanza uko na nani, kisha husubiri mpaka watu wamekaa karibu nawe na mmoja amekushika mkono, ndipo afumbue kinywa. Akiwa na habari njema haulizi kitu. Baba alilileta swali lile kwenye waya vilevile ambavyo angelileta mlangoni pangu, na nilimjua, asingetoa neno lingine mpaka ajibiwe. Lakini kafa nani? Mke wangu? Mtoto? Wote?

"Uko na nani?" Mbeya ikarudia.

Jikoni nilikuwa na bonge la chumvi ya Ivuna, nililonunua kwa mama mmoja aliyetoka Kamsamba. Chumvi ya kula nayo hugawanyika majini, ila kwa betri zile ni kibarua mchovu, hufanya kazi kidogo kisha hulala. Nikabandika maji, maana kwenye maji ya joto vile vipande hukimbia upesi zaidi. Niliyaacha yawe vuguvugu tu, nisije nikapasua vioo. Nikaponda chumvi, nikakwangua fimbo za zinki kwa kisu, nikajaza mitungi kwa haraka, nusu ya maji ikimwagika sakafuni.

Nikagonga: "Niko."

"Nakusikia kwa mbali sana," Mbeya ikajibu. "Sema upesi. Uko na nani?"

Nilitoka mlangoni. Majirani wote walikuwa mashambani, barabara tupu, matope matupu. Ningeweza kwenda kuwatafuta, lakini betri ile isingenisubiri. Na hata ningempata mtu, ningeanzaje kumwomba aje anishike mkono, mimi niliyekataa hata kukaa nao? Nikarudi ndani.

"Niko na watu," nikagonga.

Mbeya ikampa mzee jibu langu. Kisha maneno yakaja polepole, herufi moja moja, ili nisikose hata moja. "Mkeo ametutoka. Mtoto yupo, wa kike, mzima. Pole sana, ndugu yangu."

Nililia kwa sauti, nikaita jina lake, na hakuna aliyekuja kuuliza kulikoni. Nilikuwa sijamaliza kulia simu ikaanza tena.

"Mzee hataki kuondoka. Anataka neno la hao watu wenyewe. Wamekushika?"

Maji kwenye mitungi yalikuwa yameanza kupoa. Nikauweka mkono wangu wa kushoto juu ya wa kulia, nikaukamata barabara, na kwa ule wa kulia nikagonga kwa niaba yao: "Tumemshika."