Asali ya Anselm na Gome la Mninga

Mwaka wa 1958 Anselm, mrina asali wa Bukene, alianza kukonda na kunywa maji bila kukata kiu. Mkewe, Tekla, alikwenda kutazama nyuma ya nyumba pale mumewe alipokojoa, akakuta sisimizi wamejaa. Shangazi yake, aliyemrithisha dawa za miti, alikuwa amemfundisha dalili hiyo. Hata hivyo hakuwa mtu wa kushindana na hospitali, akampandisha mumewe treni hadi Tabora. Daktari Mwingereza akasema ni kisukari, akampa vidonge na onyo: sukari basi.

Anselm alitii, tena kwa mbwembwe. Akikaribishwa chai dukani alifunika kikombe kwa kiganja. Nyumbani alitia asali. Asali si sukari, nani asiyejua? Asali ni dawa.

Vidonge vilipokwisha, Tekla alichemsha gome la mninga hadi maji yakawa mekundu. Lilikuwa chungu, na dawa chungu kwao husindikizwa na asali. Sisimizi wa nyuma ya nyumba hawakupungua. Akaongeza gome, uchungu ukazidi, akaongeza asali. Kidonda kikatokea mguuni mwa Anselm, kikakataa kufunga. Tekla aliuogopa ujane, akalia jikoni na kusingizia moshi.

Asubuhi moja alikuta sisimizi wamekizunguka kikombe cha dawa yenyewe. Akakibeba hadi kwa mumewe.

"Baba Flavia, mkono mmoja nakutibu, wa pili nakuua. Acha asali."

"Mimi, mrina?"

"Wewe."

"Mchovya asali hachovyi mara moja, mke wangu."

"Basi chovya, nami nikatafute sanda."

Jioni Anselm alikunywa mninga mtupu, uso umejikunja, na safari za hospitali zikaanza upya. Kidonda kilifunga polepole. Ugonjwa haukuondoka, na Tekla hakuwahi kujigamba kuwa ameuponya.

Msimu wa kurina ulipofika walikwenda porini pamoja. Sega la kwanza huonjwa na mrina mwenyewe. Anselm alilikata, akalitazama kitambo, akamnyooshea mkewe.

"Onja wewe. Uniambie ikoje."

Tekla alitamani kumdanganya kuwa imechacha, akashindwa.

"Tamu," alisema. "Tamu kuliko ya mwaka jana."

"Vizuri," alisema Anselm, akainama upesi kunawa mikono kabla vidole havijapanda mdomoni.