Viatu Nilivyovitupa Longonot

Nakumbuka siku moja mwaka jana, mwanangu, nikishuka Mlima Longonot mbio, vumbi mpaka kwenye meno, kifua kimejaa maziwa yako. Mimi si mzee, lakini kuna uchovu unaomzeesha mtu kabla ya mvi. Kwa hivyo siku utakapojua kusoma barua hii, nisikize.

Kupanda mlima kila mtu anaweza, hasira inatosha. Mshindi hujulikana kwenye kuteremka, pale magoti yanapokuomba usimame na wewe unayanyima. Mimi niliyanyima. Nikafika wa kwanza, na wa kwanza ndiye aliyepaswa kwenda kukimbia ng'ambo.

Mkubwa wa timu akaniangalia kifuani, sare imelowa maziwa.

"Hongera, mathe. Lakini mwenye mtoto wa kunyonya hasafiri. Ataenda huyu wa pili. Wewe umeshaolewa, unataka nini tena?"

Nikavua viatu nikamtupia miguuni. "Chukua! Kimbia wewe!" Watu wakacheka. Nikaapa mbio basi, narudi shamba.

Nyanya yako, mama wa baba yako, aliyezeekea kwenye viazi vya Molo, alikuwa amekubeba mgongoni. Hakunipa pole.

"Okota hivyo viatu."

"Mama, niache."

"Okota! Ukisusa, wenzako hula. Huyu anangoja ususe, aseme ulikataa mwenyewe."

Nikaokota, huku nalia kwa hasira. Akaniambia nikamue yale ya kwanza chini, maana kwetu mtoto hapewi maziwa ya mama aliyechemka juani, kisha nikunyonyeshe papo hapo mbele ya meza ya yule bwana. Ukanyonya. Yeye akageuka kuangalia mlima kama hajawahi kuuona.

"Sasa muulize ni sheria gani," nyanya akasema. "Kwa sauti."

Nikauliza. Kila mtu akasikia hana sheria yoyote. Na bado akampeleka yule wa pili. Sikudanganyi, mwanangu, dunia hainyooki siku moja.

Kisha mwaka huu ukaanza kwa moshi wa nyumba zilizochomwa baada ya uchaguzi. Tukahama Molo juu ya lori la viazi, tukalala uwanja wa kanisa Nakuru. Nilikuwa nazunguka ule uwanja mbio kila asubuhi mpaka njia ikatokea kwenye nyasi. Wengine wakisema nimerukwa na akili. Labda. Lakini barabara zilipofunguka nilirudi Longonot, nikawa wa kwanza tena.

Bwana ni yule yule. "Na mtoto je?"

"Yuko. Na wako umemwachia nani?"

Safari hii waliocheka hawakunicheka mimi. Akaandika jina langu.

Kesho nasafiri. Umeacha kunyonya, unabaki na nyanya, na mimi sina furaha ile niliyodhani ningekuwa nayo. Nimechoka. Nimekasirika pia, kwamba ilibidi nishinde mara mbili kitu ambacho wengine hushinda mara moja.

Basi shika hili: mtu akikunyima haki yako, usimrahisishie kazi kwa kususa. Kaa hapo. Muulize sababu mbele ya watu, alitafute jibu mwenyewe. Hasira iache ikupandishe, lakini usiteremke nayo, itakuvunja miguu.

Mungu akupe magoti magumu, mwanangu, na mama mkwe mkali kama wangu. Na ukipanda mlima wako, akuteremshe salama.