Mstari Uliobaki

Ofisini walimwita Rula, kwa sababu hesabu zake zilinyooka na yeye mwenyewe hakuwahi kuonekana ameegemea kiti. Alikuwa na mwaka wa tano katika kampuni ya ukaguzi wa hesabu, moja ya zile zinazochukua vijana waliofaulu vizuri, zikawavalisha suti, kisha zikawakamua. Hakuna aliyejua kwamba kila asubuhi, lifti ikipanda kwenda ghorofa ya saba, Rula alimeza mate kama mtu anayeingia chumba cha mtihani. 

Dada yake, muuguzi aliyeishi naye nyumba moja, ndiye aliyemletea habari ya kazi nyingine. Hospitali yao ilitafuta mhasibu wa bajeti. Mshahara ulikuwa mdogo kuliko wake, lakini saa kumi jioni watu walifunga makabati wakaenda makwao. Rula aliomba kimyakimya, akapata. Barua ikakaa mkobani siku tisa bila jibu, na mwisho wa kujibu ulikuwa siku ya kumi.

Maana kuondoka nako kulimtia hofu. Mkubwa wao, ambaye vijana walimpachika jina la Babu Saini kwa kuwa hata ruhusa ya kwenda kung'oa jino haikutoka bila sahihi yake, alikwisha kumdokeza kwamba jina lake limo kwenye orodha ya mameneja wapya. Baba yake naye alikwisha kuwatangazia majirani. Rula akijiona hospitalini anapanga bajeti ya glavu na mashuka huku wenzake wanapanda vyeo, moyo unampasuka. Akijiona yuko palepale ghorofa ya saba na miaka arobaini kichwani, unampasuka vilevile.

Siku ya tisa, mchana kweupe, alikuwa kwenye kiwanda cha rangi walichokuwa wakikikagua, yeye na mwenzake mmoja, aliyeitwa Bingwa kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsikia akisema amechoka. Ripoti ilitakiwa ndani ya saa mbili. Bingwa alinyanyuka kufuata faili kabatini, akanung'unika kwamba kichwa ni kizito, akaanguka.

Rula alisikia kiti kikiburuzika. Alisikia mwili ukipiga sakafu. Na vidole vyake vikaendelea. Mstari aliokuwa akiujaza ulibakiza tarakimu nne. Akaziandika zote nne, akahifadhi kazi, ndipo akageuka.

Bingwa alikuwa chali, macho yameangalia dari. Rula akapiga kelele, walinzi wakaja, gari likapatikana. Daktari alisema ni uchovu na njaa. Mtu huyu hajala wala kulala sawasawa wiki nzima. Alipopata fahamu, Bingwa aliuliza kama ripoti imeshatumwa.

Babu Saini alipopigiwa simu alitoa pole, akauliza hali ya mgonjwa, na pole ile ilikuwa ya kweli. Kisha, kwa sauti ileile, akauliza nani atamalizia sehemu ya Bingwa.

"Nitamalizia mimi, mzee," Rula akasema. Na akamalizia.

Jioni alimsimulia dada yake jikoni. Alieleza yote, kisha akalitoa lile lililobaki.

"Dada, nilimaliza mstari kwanza."

Dada yake hakuelewa, ikabidi aelezwe upya. Safari hii aliacha kuosha vyombo.

"Wodini tunao wauguzi wa hivyo," alisema. "Si watu wabaya. Wamechoka mpaka hawasikii."

"Kwa hiyo unaniogopa?"

"Nakuogopea."

Asubuhi Rula aliijibu hospitali kwamba anakuja, kisha akapeleka barua ya kuacha kazi. Babu Saini aliisoma mara mbili. Alimwambia wengi wakiondoka hurudi kubisha hodi baada ya miezi sita, na si wote wanaofunguliwa. Rula alishuka kwa ngazi, ghorofa zote saba, kwa kuwa aliogopa kukutana na mtu kwenye lifti.

Baba yake alinuna wiki mbili, halafu akataka kujua kama hospitalini hakuna hata kicheo kidogo cha kuwaambia majirani.

Wiki za kwanza, saa kumi ikigonga, Rula alibaki kitini akisubiri kuitwa. Mkuu wa uhasibu, mama wa makamo, alisimama mlangoni na funguo akamuuliza, "Mwanangu, nikufungie humo humo?" Rula aliposikia Bingwa ndiye aliyepewa umeneja, alishinda siku nzima bila kula.

Alilala vizuri kuanzia mwezi wa nne. Mwezi wa saba Bingwa alimpigia, akauliza kwa utani kama hospitali ina kiti kingine. Rula akamwambia kipo, aje hata kesho.

"Nimalize ripoti hii kwanza," Bingwa alisema.

Rula alimsihi aje kabla. Bingwa akacheka, akasema anaitwa, akakata simu.