Mkaguzi wa Matangazo ya Watoto
Ofisini tunamwita Shangazi, na kazi yake ni kuamua tangazo lipi la watoto lipite kwenye runinga na lipi lirudishwe. Haliamini tangazo mpaka akishike mwenyewe hicho kinachotangazwa. Huvua viatu, hutandika gazeti sakafuni na kupiga magoti, yakilia kama bawaba kavu, kisha hucheza, miwani juu ya paji la uso, ncha ya ulimi nje. Mgeni akimkuta hivyo hudhani kachanganyikiwa. Kitu kikitimiza ahadi, hucheka peke yake na kurudia, eti “kwa uhakika tu.”

Jana ilikuwa zamu ya helikopta ya kuchezea. Kwenye tangazo ilipaa juu ya paa la nyumba. Mikononi mwa Shangazi ilianguka mara kumi na moja, na kila mara aliiokota akaipangusa vumbi kwa ncha ya kitambaa chake. Bwana wa kampuni iliyoitengeneza, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitabasamu.

“Mama, usijichoshe. Watoto wenyewe wanajua tumetia chumvi kidogo.”

“Hawajui, mwanangu,” alijibu, akiwa bado sakafuni. “Isipopaa, mtoto hasemi tangazo limemdanganya. Huificha chini ya kitanda, akidhani ameiharibu yeye.”